Kitovu

Usukani mpya aliuleta ndani ya foronya,
ameukumbatia kama mtoto wa kuazima:
ngozi nyeusi, uzi mwekundu, matundu sita ya skrubu,
na kitufe cha honi kipana kama biskuti.
Mukalazi, kijana wa Kawempe. Jumapili ana mbio Busiika,
na wakaguzi hawapitishi gari bubu.
"Nnyabo, kazi ndogo tu. Toa kile, weka hiki."

Kazi ndogo. Haya.
Nikatoa kichwa cha betri upande wa hasi, nikangoja.
Watu hawampendi fundi anayengoja.
Nati ya katikati ilioana na mhimili huko Japani,
talaka haikutaka; nikaibembeleza kwa dizeli,
nikaigonga, nikaibembeleza tena,
hadi usukani wa zamani ukaniangukia mapajani,
mpana kama ungo wa mama.

Nyuma yake, waya mmoja.
"Wa pili uko wapi?"
Hakuna wa pili. Huu ni wa kwendea.
Njia ya kurudi ni gari lenyewe,
mhimili, bodi, chuma kwa chuma hadi betri.
Sisi mafundi tunaiita udongo.
Honi ina moto siku zote, kijana.
Inalia siku moto ulipopata udongo.

Kitovu cha kushikia usukani alikinunua Kisekka,
akakipulizia rangi nyekundu ifanane na uzi,
tabaka tatu, mpaka ndani ya meno.
Nikakifunga. Nikapitisha waya. Nikarudisha betri.

Gari likalia
bila kuguswa, likalia kama kondoo wa Idi aliyeuona mfuko wa kisu,
Zenabu akaacha gurusa ikiungua,
watoto wa kota za jeshi wakaja mbio wakiziba masikio na kucheka,
nami nikarukia betri na spana namba kumi.
Waya ulibanwa na ukingo wa mhimili, ukachubuka.
Kosa langu. Nikaufunga utepe, nikaulaza vizuri.

Mara ya pili, kimya.
Akabonyeza kwa kidole gumba. Akabonyeza kwa ngumi.
"Nnyabo, umeiua."

Nikalala chini ya dashibodi na taa ya kupimia.
Juu yangu akakaa akitikisa mguu, halafu, kupitisha muda:
"Kwani ninyi Wanubi hasa ni watu wa wapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.
Mdomoni nilikuwa na skrubu tatu.
Babu wa baba amelala nyuma ya msikiti ule wa bati la kijani,
na kitovu changu kimezikwa hatua arobaini kutoka kwenye jeki hii,
kando ya tangi, pale ambapo shangazi hapandi kitu.
Lakini skrubu tatu, mdomoni.

Klipu kwenye chanya. Ncha ya taa kwenye mhimili: ikawaka.
Ncha kwenye kitovu: giza.
Upana wa ukucha kati ya hapa na pale.

Rangi.

Nikakifungua, nikakikwangua kwa wembe
pale meno yanapoumana, pale nati inapokaa,
mpaka chuma kikatoka cheupe.
"Rangi yangu!"
Haitaonekana, nikamwambia, skrubu nimeshazitema.
Hapo ndipo panapofunikwa.

Honi ikapiga mara moja, fupi, kama mtu anayeitika jina lake.
Akalipa pungufu ya elfu tano, akaondoka,
akaipiga tena kwenye kona ya kambi, na tena, na tena,
mpaka sauti ikamezwa na malori ya Luweero.

Magharibi, nikitawadha, nikaona chembe nyekundu chini ya kucha.
Nikazichokoa kwa kijiti, moja moja, adhana ikiisha.
Rangi haipitishi maji pia.